Kutafuta Vituo vya Mandhari Visivyojulikana Sana Katika Safari ya Gari Kwenye Milima ya Alpi

Watu wengi wanaopanga kuzunguka Milima ya Alpi kwa gari huanza na orodha ya mahali palepale: kona za barabara ya mlimani ya Stelvio na ziwa la Braies huko Italia, gati la Iseltwald huko Uswisi, kijiji cha Hallstatt huko Austria. Mahali hapo pana uzuri wake na sitamkataza mtu kupatembelea, lakini wingi wa wageni umefikia kiwango ambacho Iseltwald sasa hutoza faranga 5 kwa kila anayetaka kusimama kwenye gati lililoonekana katika tamthilia moja ya Korea Kusini, na Braies, katika kilele cha kiangazi, haifikiki kwa gari saa za mchana bila kuweka nafasi mapema. Mwongozo huu unahusu vituo vya aina nyingine, ambavyo msafiri anaweza kukaa saa nzima bila kusubiri zamu ya kupiga picha.

Vituo hivyo havipatikani kwa kuchapa mtandaoni maneno kama "sehemu zilizofichika za Alpi", kwa sababu mahali palipokwisha kuingizwa katika orodha ya namna hiyo hapajafichika tena. Vinapatikana kwa kusoma ramani mezani, kabla ya safari, na kwa kuelewa ni kwa nini barabara fulani iliachwa na magari mengi. Nitaonyesha kazi hiyo kwa kutumia jimbo la Graubünden, mashariki mwa Uswisi, lakini hatua zilezile zinafaa kwa Savoie huko Ufaransa, Tirol huko Austria au bonde la Soča huko Slovenia.

Hatua ya kwanza: punguza eneo

Alpi ni upinde wa milima wenye urefu wa takriban kilomita 1,200, kutoka karibu na Bahari ya Mediterania hadi Slovenia, na anayejaribu kuumaliza wote kwa wiki moja ataona lami na mahandaki tu. Chagua jimbo moja au mabonde mawili matatu yanayopakana, na upange kulala mahali pawili badala ya kuhama kila siku. Graubünden ni jimbo kubwa kuliko yote ya Uswisi kwa eneo, lina lugha rasmi tatu, yaani Kijerumani, Kiromanshi na Kiitaliano, na husifiwa kuwa nchi ya mabonde 150. Mtu akikaa humo siku nne atabadilisha lugha, aina ya nyumba na hata aina ya misitu bila kuvuka mpaka wowote wa nchi.

Hatua ya pili: tafuta barabara ya zamani iliyo kando ya mpya

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, nchi za Alpi zilichimba mahandaki mengi ili magari ya mizigo na ya wasafiri wa mbali yasipande tena milima. Handaki la San Bernardino lilifunguliwa mwaka 1967, na lile la barabara la Gotthard, lenye urefu wa karibu kilomita 17, mwaka 1980. Kila handaki liliacha juu yake barabara nzima iliyo salama, inayotunzwa na kufunguliwa kila kiangazi, huku magari mengi yakipita chini gizani. Juu ya Gotthard, upande wa kusini unaoshuka hadi Airolo, bado ipo barabara ya Tremola iliyotandikwa mawe, inayojikunja kona baada ya kona ndani ya korongo, na mtu anaweza kuiendesha polepole siku ya kazi bila kusukumwa na gari la nyuma.

Fungua ramani, fuata barabara ya mwendo kasi kwa kidole, na kila inapoingia handakini jiulize barabara ya awali ilipita wapi. Kati ya Thusis na Zillis, kwa mfano, barabara ya mwendo kasi ya A13 hupenya mlimani na dereva haoni kitu. Barabara ya zamani inapita kwenye ukingo wa korongo la Viamala, ambalo kuta zake za mwamba zinafikia hadi mita 300, na mto Rhine wa Nyuma unapita chini kabisa kwenye upenyo mwembamba. Kuna ngazi za kulipia zinazoshuka hadi karibu na maji. Mbele kidogo ni kijiji cha Zillis, na hapo ningemwomba kila msafiri asipite bila kusimama. Kanisa la Mtakatifu Martin kwa nje ni jengo jeupe la kawaida, lakini dari yake ya mbao ya karne ya 12 imechorwa vipande 153. Vipande vya pembezoni vinaonyesha viumbe wa baharini wenye mikia ya samaki, vya katikati vinasimulia maisha ya Yesu, na saba vya mwisho vinamhusu Mtakatifu Martin. Ndani ya kanisa kuna vioo vya mkononi: unakishika kioo usawa wa kifua, unatembea taratibu chini ya dari, na picha zinakuja kwako moja baada ya nyingine bila kuumiza shingo. Magari yanayopita A13 yako umbali mfupi sana kutoka hapo.

Barabara zisizo za mwendo kasi zina faida nyingine. Uswisi hudai stika ya mwaka ya faranga 40 kwa gari linalotumia barabara za mwendo kasi, lakini barabara za kawaida za vijijini na nyingi za milimani hazidai stika hiyo. Gari la kukodi lililosajiliwa Uswisi kwa kawaida huwa nayo tayari. Linalotoka nchi jirani huenda lisiwe nayo, kwa hiyo uliza wakati wa kulichukua.

Hatua ya tatu: isome kontua

Idara ya ramani ya Uswisi, swisstopo, huweka ramani zake za topografia mtandaoni na katika programu ya simu bila malipo. Tumia skeli ya 1:25,000, ambapo sentimita moja ni mita 250 ardhini. Katika maeneo ya Alpi, mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, katika skeli hiyo hupishana kwa mita 20 za kimo. Mistari ya kahawia iko juu ya udongo na nyasi, ya buluu iko juu ya barafuto, yaani mito ya barafu, na ya kijivu au nyeusi iko juu ya mawe matupu. Rangi ya kijani ni msitu. Aliyesoma jiografia ya sekondari ana elimu ya kutosha kwa kazi hii.

Tafuta mambo matatu. La kwanza ni mahali ambapo kontua zimebanana, kisha zinaachana ghafla, kisha zinabanana tena. Hilo ni tambarare dogo lililoning'inia ubavuni mwa bonde, na mara nyingi kuna kijiji juu yake kwa sababu watu walihitaji ardhi ya kulima isiyo na mteremko. Soglio, katika bonde la Bregaglia, iko hivyo hasa: barabara kuu inapita chini bondeni, na kijiji kiko juu kwenye kimo cha takriban mita 1,090, kikitazama moja kwa moja vilele vya Sciora na Piz Badile yenye mita 3,308. Guarda, katika bonde la chini la Engadin, nayo iko juu ya tambarare kama hilo, na nyumba zake zina michoro iliyokwaruzwa kwenye lipu ya kuta. Katika vijiji vyote viwili barabara ya kupandia ni fupi, lakini wengi hawaipandi kwa sababu tu imetoka nje ya njia yao.

La pili ni ziwa dogo lisilogusana na barabara ila liko karibu nayo, mwendo wa dakika 10 hadi 30 kwa miguu. Umbali huo mdogo huchuja watu wengi kuliko tozo yoyote. Kwenye barabara ya kipito cha Albula, yaani njia ya kuvukia mlima, juu ya Preda, liko ziwa la Palpuogna, ambalo maji yake hubadilika kutoka kijani hadi buluu kadiri jua linavyosogea. Hakikisha kwamba upande unaotaka kutazama haujafunikwa na rangi ya kijani kwenye ramani, maana sehemu iliyo juu sana lakini imo katikati ya miti haitakuonyesha chochote zaidi ya magome.

La tatu ni alama ya kanisa au magofu iliyosimama peke yake mbali na kijiji. Karibu na Tiefencastel, chini ya kijiji cha Alvaschein, kuna kanisa la Mtakatifu Petro la Mistail, lililojengwa yapata mwaka 800, lenye sehemu tatu za nusu duara upande wa madhabahu. Linafikiwa kwa miguu, na linasimama kwenye ukingo wa korongo la mto Albula. Hakuna duka wala mgahawa mlangoni. Sioni kituo kinachofaa zaidi kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi watu walivyoishi katika milima hii kabla ya utalii.

Hatua ya nne: mpe jua nafasi yake katika ratiba

Kituo kizuri kikitembelewa saa mbaya huonekana cha kawaida. Ukiwa Soglio unatazama kusini, na nyuso za milima unazoziona ni za kaskazini, hivyo adhuhuri jua liko nyuma ya vilele na mwamba wote unakuwa kivuli cheusi. Katikati ya kiangazi jua huzama kaskazini-magharibi, na jioni ndipo mwanga unapogusa nyuso hizo. Basi Soglio ni kituo cha jioni, na ikiwezekana ni mahali pa kulala. Viamala ni kinyume chake: kwa kuwa korongo ni jembamba, jua hufika chini kwa muda mfupi tu jua linapokuwa juu. Kwa kila kituo, andika kando ya jina lake upande unaotazama na saa inayofaa, kisha panga njia yako kwa kufuata saa hizo, hata kama itakulazimu kurudi nyuma kilomita chache.

Hatua ya tano: hakikisha barabara iko wazi

Vipito vilivyo juu sana hufungwa majira ya baridi. Kwa kawaida hufunguliwa kati ya mwishoni mwa Mei na Juni, kisha hufungwa Oktoba au Novemba kutegemea theluji. Albula, Splügen, San Bernardino na Umbrail viko katika kundi hili, ilhali Julier wenye mita 2,284, Maloja na Ofen huachwa wazi mwaka mzima isipokuwa hali ya hewa ikichafuka sana. Asubuhi ya safari tazama kamera za mtandaoni zilizowekwa kwenye vipito vyenyewe, kwa sababu anga safi bondeni halikuhakikishii kwamba juu hakuna ukungu.

Milima hii pia husogea. Mwezi Agosti 2017 mwamba mkubwa ulimeguka kutoka Piz Cengalo, ukaua watembea kwa miguu wanane, na matope yake yakafika kijiji cha Bondo kilicho chini ya Soglio, ng'ambo ya pili ya bonde. Mwishoni mwa Juni 2024 mvua kubwa iliangusha daraja la Visletto katika bonde la Maggia huko Ticino na kuharibu vibaya bonde la Bavona. Ukikuta njia imefungwa kwa utepe au kibao, geuza gari au rudi kwa miguu, hata kama mbele panaonekana pakavu.

Kwa kupima upana wa barabara usiyoijua, natumia ratiba ya mabasi ya njano ya PostAuto. Basi likifika kijijini, gari dogo litafika bila shida. Vibao vya buluu vyenye mchoro wa baragumu ya njano huonyesha kwamba uko kwenye barabara ya posta ya milimani, ambako basi lina haki ya kupita kwanza na dereva wake anaweza kukuelekeza urudi nyuma, mtii. Kabla ya kona isiyoonekana hupiga honi ya sauti tatu, iliyotoholewa katika utangulizi wa opera ya Rossini kuhusu Wilhelm Tell, na ukiisikia simama mahali penye nafasi kabla hujaingia konani.

Barabara nyingine zina utaratibu wake. Staller Sattel, kipito cha mita 2,052 kati ya Austria na Italia, ni chembamba upande wa Italia kiasi kwamba magari hupanda na kushuka kwa zamu zilizopangwa ndani ya kila saa. Mtu asiyejua hukasirika kusubiri. Anayejua hutembea ukingoni mwa ziwa la Obersee, lililo palepale juu upande wa Austria, mpaka zamu yake ifike.

Hatua ya sita: jiandae kuendesha

Aliyezoea barabara za Tanzania, Kenya au Uganda akumbuke kwamba nchi zote za Alpi huendesha kulia. Hatari kubwa iko mara tu unapotoka kwenye maegesho ya peke yako mlimani, ambako hakuna gari jingine la kukukumbusha upande. Beba hati ya kimataifa ya kuendesha gari pamoja na leseni yako, na pasipoti, kwa kuwa ingawa Uswisi, Liechtenstein, Italia, Ufaransa, Austria, Ujerumani na Slovenia zote zimo katika eneo la Schengen, ambamo kwa kawaida hakuna ukaguzi wa pasipoti mipakani, polisi wanaweza kukagua karibu na mpaka. Waulize waliokukodisha gari kama bima yake inaruhusu kuvuka mpaka.

Wakati wa kushuka, tumia gia ndogo na uache injini ishike gari. Dereva aliyewahi kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo anaijua kazi hii tayari. Gari la otomatiki nalo lina namna ya kushusha gia kwa mkono, na ni vema kuijifunza ukiwa bado maegeshoni. Ukinusa harufu ya breki kuungua, simama mahali pa wazi na uziache zipoe. Gari linalopanda kwa kawaida hupewa nafasi na linaloshuka pale ambapo mawili hayawezi kupishana, ila kama linalopanda ndilo lililo karibu na nafasi ya kupishania. Wenyeji wakijipanga nyuma yako, ingia kando uwaache wapite. Wao wanakwenda kazini.

Hatua ya saba: simama kwa adabu

Egesha kwenye maegesho yaliyowekwa alama, na kama hayapo, endelea mbele. Nyasi za kando ya barabara huonekana kama uwanja usio na mwenyewe, lakini ndizo zinazokatwa kuwa chakula cha ng'ombe wakati wa baridi, na matairi yakizilaza mkulima anapoteza malisho. Geti la uzio ulilolifungua lifunge nyuma yako. Usipite katikati ya ng'ombe wenye ndama. Wazunguke kwa mbali, na mbwa wako awe kwenye kamba. Katika Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914 na ambayo barabara ya kipito cha Ofen inapita ndani yake, mbwa hawaruhusiwi kabisa na ni marufuku kutoka nje ya njia zilizowekwa.

Vibao vya njano vya njia za miguu huandikwa muda wa kutembea bila mapumziko. Alama ya nyeupe, nyekundu na nyeupe ina maana ya njia ya mlimani inayohitaji viatu imara. Nyeupe, buluu na nyeupe ni ya wenye uzoefu na vifaa, na msafiri wa gari aiache. Salamu nayo ina thamani yake: Grüezi panapozungumzwa Kijerumani, Allegra katika Engadin, na Buongiorno ukishuka Bregaglia. Baada ya salamu, muulize muuza mikate au jibini ni wapi yeye huenda siku ya Jumapili. Jibu lake mara nyingi halimo katika kitabu chochote cha watalii.

Mfano wa siku mbili

Ondoka Chur asubuhi kupitia Thusis hadi Viamala na Zillis. Rudi Thusis, pita njia ya Tiefencastel, na utembee hadi Mistail. Kisha panda Julier. Njiani utapita kando ya ziwa la Marmorera, lililotokana na bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1954. Kijiji cha zamani kiko chini ya maji hayo, na kipya kimejengwa juu yake ubavuni. Kileleni mwa kipito kando ya barabara kuna vipande viwili vya nguzo za Kirumi ambavyo magari mengi huvipita bila kupunguza mwendo. Shuka Silvaplana, vuka Maloja, na ufike Soglio mwanga ukiwa bado unapanda mwambani. Ikiwa ni Oktoba, siku inayofuata anza na kushuka hadi misitu ya chestnati, miti yenye kokwa zinazoliwa, ya Castasegna, kijiji cha mwisho kabla ya Italia, ambako bado vipo vibanda vya mawe vya kukaushia: moto huwashwa chini, chestnati hutandazwa juu, na moshi hupenya polepole kwa wiki kadhaa.

Kisha rudi Engadin, ufuate bonde hadi Zernez, na uvuke Ofen kwenda Müstair. Ukiwa na nafasi ya kulala njiani, pitia Guarda kwanza; iko kupita Zernez ukishuka bonde, hivyo itakubidi urudi Zernez ndipo uvuke Ofen. Konventi ya Mtakatifu Yohane ya Müstair, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1983, ina michoro ya ukutani ya enzi za Karolo Mkuu na madhabahu za nusu duara tatu kama zile za Mistail, na aliyeziona zote mbili kwa siku mbili atazilinganisha mwenyewe. Kutoka kijiji cha Santa Maria barabara ya Umbrail hupanda hadi mita 2,501 na kuungana na ile ya Stelvio kilomita chache chini ya kilele chake. Ukitamani bado kuona kona zile mashuhuri, panda Umbrail alfajiri, fika Stelvio kabla pikipiki hazijajaa, na uteremke upande wa Trafoi wakati wengine ndio kwanza wanaanza kupanda.